Je, Wajua? Posa ikihama kwa dada kwenda kwa mdogo wake

Je, wajua kwamba kijana wa Muleba akimwahidi ndoa dada mkubwa, kisha moyo wake ukahamia kwa mdogo mtu, dada huyo anaweza kumfikisha mahakamani? Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 69, inamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai fidia, awe mwanamke au mwanamume. Na zawadi je? Kifungu cha 71 kinaruhusu kudai irudishwe zawadi iliyotolewa kwa sharti kwamba ndoa ifungwe.

Mbali na sheria, kuna mila. Uhayani, ilipo Muleba, mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna: buni zilizochemshwa kwa majani ya mitishamba na kukaushwa. Pombe ya ndizi, rubisi, nayo ina heshima yake kwenye shughuli za ndoa. Mila za Wahaya ziliandikwa mapema. Kitabu cha waandishi Cory na Hartnoll kuhusu sheria za kimila za Wahaya kilitoka mwaka 1945.

La kufurahisha zaidi kwangu ni kifungu cha 41 cha Sheria hiyo ya Ndoa: ndoa haibatiliki kwa sababu tu mahari haijalipwa. Wachumba mnaopendana kwa dhati, msiogope umaskini.