Mtoto Atumwaye Gongo



Imepokewa katika Sahihi za Bukhari na Muslim simulizi ya Anas bin Malik (R.A.), ambayo masheikh wetu huisoma mara kwa mara wanapoeleza kuharamishwa kwa ulevi. Anas alikuwa nyumbani kwa Abu Talha, mume wa mama yake, akiwamiminia watu wazima kinywaji cha tende, naye ndiye aliyekuwa mdogo wao. Mara ikasikika sauti ya mpiga mbiu ikinadi kwamba ulevi umeharamishwa. Abu Talha hakujadili. Alimwamuru kijana akamwage kilichobaki, na vichochoro vya Madina vikatiririka pombe.

Wengi wetu huitazama pombe iliyomwagwa. Leo tunaomba tumtazame mmiminaji. Anas alikuwa mtumwaji tu, na aliyemwondolea kazi ile hakuwa askari wala hakimu, bali mkubwa wa nyumba ileile aliyokuwa akihudumu.

Tuje sasa Salale, kata ya delta ya Rufiji katika Wilaya ya Kibiti, nchi ya mikoko, kamba na mpunga, ambako Uislamu ni dini ya wengi tangu enzi za mababu. Mtoto wa huku hutumwa kama watoto wengine wa pwani yetu. Hutumwa maji na kuni. Hukaa dunguni akifukuza ndege mpunga usiliwe. Hayo ni malezi mema. Lakini katika vijiji vingi vya pwani mtoto huyo huyo hutumwa sigara dukani, hutumwa tembo kwa mgema, na wengine hutumwa hata gongo. Wapo wanaoambiwa waiwashe sigara ya baba kwa kaa la jikoni, na ili isizimike njiani, mtoto huivuta mara mbili tatu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto sigara na pombe. Mwenye duka akiulizwa, jibu lake liko tayari: si yake, ni ya baba yake.

Hatusemi kwamba kila aliyetumwa sigara atakuwa mvuta bangi. Tunasema kwamba mkono umekwisha kuzoea, na siku atakapopewa na mwingine hataona kuwa amepewa kitu kigeni.

Siku hiyo mara nyingi huwa dagoni. Msimu wa uvuvi unapofika, vijana, na baadhi yao ni wanafunzi, hufuata kambi za wavuvi. Huko kuna fedha taslimu mkononi, baridi ya usiku, na mkubwa mmoja asemaye kuwa msokoto huondoa uchovu. Baba hayupo, mwalimu hayupo, na pengine adhana haifiki. Hatuwalaumu wazazi wanaoruhusu, kwani njaa ya nyumba huijua mwenye nyumba. Lakini Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na idhini ya kwenda dago haimwondolei baba swali hilo.

Tiba ipo, nasi tunaishukuru. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waathirika wa heroini mwaka 2011. Lakini dawa hiyo kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na kijana wa visiwa vya delta safari yake huamuliwa na maji kujaa na kupwa. Kwa watu wa Salale, kinga ndiyo njia iliyo karibu.

Ni kinga ipi basi? Hapa sisi wenye mimbari tunaguswa. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo wa kuzuia matumizi ya dawa za kulevya, ukaurudia mwaka 2018 pamoja na Shirika la Afya Duniani. Mwongozo huo unaeleza kwamba hotuba za kutisha peke yake hazijaonekana kuwazuia vijana, wala kuwaleta waliokuwa watumiaji waje kusimulia maisha yao. Kinachosaidia ni masomo ya mazungumzo, kijana akijizoeza kukataa, na mzazi ajuaye mwanawe yuko wapi na yuko na nani.

Hilo si geni kwetu. Imam Ahmad amepokea habari ya kijana aliyemwomba Mtume (S.A.W.) ruhusa ya kuzini. Watu walimkemea, Mtume akamwita karibu, akamuuliza kama angependa jambo hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kisha akamwombea dua. Ustadhi wa madrasa anaweza kufanya vivyo hivyo baada ya Magharibi: awaulize watoto watamjibu nini mvuvi mkubwa anayewanyooshea msokoto, na wajibu kwa midomo yao, mmoja mmoja. Klabu za kupinga dawa za kulevya mashuleni nazo zifanye hivyo, badala ya kukariri majina ya dawa.

Kuhusu dago, tunapendekeza kamati za misikiti zikae na manahodha kabla ya msimu. Mwanafunzi asipakiwe siku za masomo. Kila kijana aendaye awe na mtu mzima mmoja kambini anayejulikana kwa jina na wazazi wake, na nahodha atakayekataa sharti hilo, baba asimpe mwanawe.