Ngoma ya Umeme Imsikilize Mwimbaji

Wahenga walinena kuwa ngoma ikivuma sana hupasuka. Hii inayovuma katika harusi zetu siku hizi haipasuki, kwani haina ngozi. Ni ngoma ya umeme, nayo imetugawa sisi wapenzi wa taarabu hapa Mombasa: wazee wengi huilaani, vijana huisifu. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinachanganya vyombo viwili visivyofanana.

Cha kwanza ni mtambo ujipigao wenyewe. Mwanamuziki hubonyeza kitufe, nao hurudia mapigo yale yale mpaka uzimwe. Mashuhuri katika jamii hiyo ni TR-808, uliotolewa na kampuni ya Roland ya Japani mwaka 1980. Vinanda vingi vya umeme vinavyotumiwa katika taarabu ya kisasa vina mapigo ya namna hiyo ndani yake.

Cha pili ni seti ya vibao vinavyopigwa na mtu kwa vijiti na kwa miguu. Kila kibao huhisi pigo na nguvu yake, kikapeleka habari kwa waya hadi kwenye kisanduku, na kisanduku kikatoa sauti ya ngoma iliyochaguliwa. Kampuni ya Simmons ya Uingereza ilitoa SDS-V mwaka 1981; na mwaka 1997 Roland ikaleta V-Drums, zenye wavu mahali pa ngozi ili kijiti kiruke kama kirukavyo juu ya ngoma ya kweli.

Kwetu sisi tofauti hiyo si ndogo, maana taarabu imesimama juu ya shairi. Aghalabu ubeti wake huwa na mishororo mitatu, na kila mshororo mizani 16, yaani 8 kwa 8. Walakini mwimbaji hodari haimbi kama mtu ahesabuye nazi. Huivuta silabi, akaizungusha, akatua kidogo kabla ya kina. Mpigaji dumbaki humtazama mdomo, akangoja naye.

Mtambo haungoji mtu. Katika harusi moja nilisikia wimbo nilioutunga mwenyewe. Mwimbaji alivuta neno, mtambo ukampita, naye akameza nusu ya mshororo ili aufikie. Nusu iliyomezwa ndiyo iliyobeba fumbo. Watu walicheza kwa furaha, lakini walichoimbiwa hawakukijua.

Hata hivyo, haki isemwe. Unyevu wa pwani yetu huilegeza ngozi, ikabidi mpigaji aiote motoni. Kibao cha umeme hakina taabu hiyo. Fauka ya hayo, sauti yake hupunguzwa kwa kidole. Katika mitaa ya Mji wa Kale, ambako nyumba zimebanana na msikiti u karibu, hilo si jambo dogo. Na ngoma ikipungua sauti, maneno husikika.

Lakini yafaa kujua tabia yake. Ngoma ya ngozi husikika papo hapo inapopigwa. Ya umeme hutokea kwenye spika tu. Spika zote zikielekezwa kwa wageni, mwimbaji aliye nyuma yake hasikii vyema pigo la kufuata. Basi iwepo moja inayowaelekea wanamuziki wenyewe. Na dumbaki lisiachwe nyumbani, kwani umeme ukikatika kisanduku ni bubu.

Linalonitia hofu zaidi ni ufundi wetu. Chakacha ina msondo, vumi na chapuo, na kila moja ina usemi wake. Kijana huyajua hayo kwa kukaa kando ya mpigaji, akatazama mkono, akaitwa ajaribu. Mtambo ujipigao hauna pa kumkalisha mwanafunzi. Vibao vinahitaji mtu, na aliyefunzwa chapuo hufika navyo mbali, maana sikio analo tayari.

Kwa hivyo nawaomba ndugu zetu wenye vikundi: mkitaka umeme, nunueni ule unaohitaji mikono, na mumkalishe hapo kijana aliyepitia ngoma za ngozi. Nanyi wenye harusi mnaolipa, ulizeni kabla ya kutoa fedha ni nani atakayepiga. Mkiambiwa ni kitufe, semeni mnataka mtu.