Uamsho wa Gahini: Waliookoka Wakaanza Kulipa Madeni

Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe jijini Kampala, daktari Mwingereza Joe Church alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyewahi kuitumikia serikali ya Buganda. Church alitoka hospitali ya misheni ya Gahini, kando ya Ziwa Muhazi nchini Rwanda, akiwa hoi kwa kazi na kwa njaa kali aliyoiona huko. Wawili hao wakafungua Biblia, wakasoma na kuomba pamoja.

Wengi huhesabu kukutana huko kuwa chimbuko la Uamsho wa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1930 na 1940 moto wake ulienea Rwanda, Uganda na Burundi, ukavuka mipaka hadi Kenya na Tanganyika.

Wengi wa waliotubu walikuwa tayari Wakristo. Walibatizwa, walijua nyimbo za kanisa, na baadhi walikuwa walimu wa dini. Sasa walisimama mbele ya watu na kutaja dhambi zao waziwazi: wizi, uzinzi, ulevi, chuki.

Toba hiyo haikuishia kwenye machozi. Walihubiri kwamba neema ni ya bure, hainunuliwi kwa matendo mema. Lakini aliyeipokea alitarajiwa kurudisha alichoiba na kumwomba radhi aliyemkosea. Kuna waliorudisha mali za waajiri wao na waliolipa kodi walizokwepa. Mume alimwomba mkewe msamaha. Hata wamisionari Wazungu walitubu dharau yao mbele ya Waafrika, jambo zito katika enzi ya ukoloni.

Festo Kivengere, mwalimu kijana wa Kigezi nchini Uganda aliyependa pombe, alipookoka alipanda baiskeli kwenda kwa Mwingereza ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia, akamwomba msamaha ana kwa ana. Baadaye alifundisha Dodoma kwa miaka mingi, na mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum, naye tunda la uamsho huo, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere akatorokea Rwanda kwa miguu, kisha akaandika kitabu ambacho jina lake linatamka kwamba anampenda Amin.

Hata hivyo, historia hiyo ina jeraha. Mwaka 1994, katika Rwanda ile ile, Wakristo waliwaua Wakristo wenzao, wengine ndani ya makanisa walimokimbilia. Mamilioni waliobatizwa hawakutosha kuzuia mauaji ya kimbari.

Ndiyo maana kipimo cha wazee wa uamsho, cha kurudisha na kuomba radhi, kingali na kazi. Ushuhuda wa kuokoka unasikika leo kila Jumapili, tena kwa vipaza sauti. Anayejiandaa kutoa wake wiki ijayo, kabla ya kushika maikrofoni, awapitie kwanza wanaomdai.