U0101: Kontroli Boksi ya Gia Inaponyamaza

Katika gereji za Pasiansi, kama ilivyo kwingine Mwanza, kuna sentensi ambayo mwenye gari la otomatiki huiogopa: "Mashine inasema kontroli boksi ya gia imekufa." Mashine ya kupimia haijasema hivyo. Kilichoandikwa kwenye kioo chake ni U0101, na maana yake ni finyu zaidi: chombo kingine ndani ya gari, mara nyingi kontroli boksi ya injini, kilisubiri taarifa kutoka kwa ile ya gia na hakikuzipata. Mwalimu akiita majina asubuhi na mtoto asiitike, daftari litaonyesha kwamba hayupo. Halitaonyesha kama anaumwa au kama maji ya mvua yamekata njia.

Herufi ya kwanza ya kodi ya kosa kama hii hutaja eneo. P ni injini na gia, C ni chasi, B ni bodi, U ni mawasiliano kati ya vyombo. U0100 inalalamikia ukimya wa injini, U0101 wa gia, U0121 wa breki za ABS. Nissan nyingi za miaka ya nyuma hutoa U1000, ambayo haimtaji hata mtuhumiwa. Toyota ndogo kama IST hazina kontroli boksi ya gia ya peke yake. Boksi moja huongoza injini na gia. Fundi akitaka kukuuzia "boksi ya gia" ya IST, muulize ataifunga wapi.

Dalili zinajulikana. Gari linang'ang'ania gia moja, kilima cha kawaida kinakuwa kazi, taa ya cheki injini inawaka, alama za P, R, N na D zinapotea kwenye dashibodi. Wakati mwingine starta inagoma kabisa, kwa sababu gari halina uhakika kama liko kwenye P. Kung'ang'ania gia moja ni kinga: umeme wa kuongoza gia ukikosekana, gia boksi nyingi hubaki kwenye gia itakayokufikisha gereji taratibu. Ikishindikana kabisa, usikubali livutwe kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakizunguka barabarani. Pampu ya mafuta ya gia huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, gia boksi inasagika kavu.

Hadi miaka ya 1980 kila taarifa ndani ya gari ilihitaji waya wake. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ilitangaza mjini Detroit mfumo uitwao CAN, ambamo vyombo vyote vinaning'inia kwenye nyaya mbili zilizosokotwa pamoja na kila kimoja husikia kinachosemwa na wengine. Ndiyo maana kipimo cha kwanza hakihitaji hata kufungua boneti: pima vyombo vyote, kisha uliza nani anamlalamikia nani. Kama injini na ABS wote hawaisikii gia, na mashine nayo ikiiita haijibu, tatizo liko upande wa gia. Kama ABS inaisikia na injini peke yake ndiyo inayolalamika, kachunguze upande wa injini. Kama gia na ABS wote wamenyamaza, tafuta fyuzi au njia wanayotumia pamoja. Vile vifaa vidogo vya Bluetooth vinavyouzwa bei rahisi mara nyingi huongea na injini tu, kwa hiyo kutoiona gia si ushahidi wa chochote.

Kabla ya kumtuhumu yeyote, pima betri. Iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban volti 12.6, wakati wa kuwasha isianguke sana chini ya 10. Gari linalobustiwa kila asubuhi hutengeneza kodi za U za uongo, kwa sababu volti zikishuka vyombo huzimika kwa nukta chache na wenzao huandika kwamba wametoweka. Rekebisha betri, futa kodi, endesha, pima tena. Kesi nyingi huishia hapa, na hapa ndipo fundi mwenye haraka huwa ameshapiga simu Dar es Salaam kuulizia boksi.

Kodi zikirudi, nenda kwenye soketi ya boksi yenyewe. Magari mengine huiweka chini ya dashibodi, mengine karibu na betri. Kwenye Navara na Pathfinder zenye gia tano za otomatiki wameificha ndani ya gia boksi, ikiogelea kwenye mafuta. Tafuta nyaya za umeme na za ethi, na usiridhike na volti 12 kwenye mita. Waya uliobaki uzi mmoja mzima bado utaonyesha 12, kwa kuwa mita hainywi umeme wowote wa maana. Funga balbu ya taa ya breki ya wati 21 kati ya umeme na ethi pale pale kwenye soketi. Ikiwaka kwa nguvu, njia ni nzima. Ikiwaka kama kibatari, umempata mwizi.

Baada ya hapo ndipo nyaya za CAN. Chomoa betri, subiri kidogo, weka mita ya omu kwenye pini ya 6 na ya 14 za soketi ya kupimia iliyo chini ya usukani. Kila mwisho wa njia una rezista ya omu 120, hivyo mbili kwa pamoja hutoa 60. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Ukipata karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Lakini 60 haimwachi huru kila mtu, na hapa hata mafundi wazuri huteleza: katika magari mengi boksi ya gia iko kwenye tawi, si mwishoni. Tawi likikatika, 60 inabaki palepale. Kwa hiyo rudia kipimo kwenye soketi ya boksi ya gia, hasa kwa magari mapya ambayo kati ya soketi ya kupimia na nyaya za ndani kuna chombo cha kupitisha taarifa. Betri ikirudishwa na swichi ikiwa imewashwa, waya mmoja husoma juu kidogo ya volti 2.5 na mwenzake chini kidogo.

Waharibifu wa huku ni wale wale: panya, alamu iliyofungwa kwa kukata waya na kuzungushia tepu, na hasa maji. Mashine ya presha ikipigwa ndani ya boneti, maji hupenya soketi, na baada ya wiki kadhaa pini zinaota kutu ya kijani. Kwenye Mercedes zenye gia boksi ya 722.6 adui ni mafuta: hupita kwenye soketi iliyochoka, yakapanda ndani ya nyaya hadi kwenye boksi.

Umeme ukiwa mzima, ethi nzima, nyaya zikasoma sawa hadi mlangoni kwake, na bado ikanyamaza, sasa boksi inahukumiwa. Hata hivyo iliyotumika haifungwi tu na kuondoka. Namba yake ilingane na ya zamani, na kwa Nissan zenye CVT, kama X-Trail nyingi tunazoziona, boksi mpya lazima iandikiwe data ya gia boksi ile ile iliyomo ndani ya gari. Muulize fundi kama mashine yake inaweza kazi hiyo kabla hujatuma pesa ya boksi.