Gari ya zamani: uliza shasi kwanza, rangi baadaye

Kama umepanda barabara ya Sake kwenda Mushaki mpaka Masisi, unaijua ile gari. Mbele iko Land Cruiser. Mlango wa kushoto una rangi yake, wa kulia una rangi ingine. Nyuma ni mbao na manjanja, na juu ya mizigo wamekaa watu. Ukiuliza ni ya mwaka gani, kila mtu anakupa mwaka wake.

Swali hilo si la mchezo. Kule Rubaya na Walikale, familia ikipata faranga kidogo ya koltani ao ya kasiteriti, ndugu watatu ao wane wanajiunga na kununua gari ya zamani ya kubeba watu na mizigo. Jasho la miaka mingi ndani ya shimo linaingia katika gari moja. Kama hamujui ni gari gani, piesi munazonunua Goma zinakataa kuingia, polisi wanaikamata njiani, ao shasi inakatikia kwenye muteremko na watu wakiwa juu.

Sisi wote tunajua: mchimbaji mwenye akili hanunui jiwe kwa rangi yake. Analipima kwa mkono, anapitisha sumaku juu ya muchanga ili kutoa chuma. Na gari ni vilevile. Manjanja inadanganyaka, shasi ni ngumu kudanganya.

Tafuta namba

Kwa Land Cruiser, namba ya shasi imepigwa kwenye chuma ya shasi upande wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Sugua udongo na mafuta, kisha soma polepole. HZJ75 maana yake: HZ ni mashini ya dizeli 1HZ, J ni Land Cruiser, 7 ni ukoo wa mwaka 1984 na kuendelea. Ukisoma HJ47, hiyo ni ya ukoo wa 40, ambao Toyota ilitengeneza tangu 1960 mpaka 1984. Kwa Land Rover za zamani, angalia mbele upande wa kulia, pale resori inapofungwa kwenye shasi.

Linganisha namba hiyo na karatasi. Kama chuma imesuguliwa na meuli, ao kipande chenye namba kimezungukwa na alama za kuchomelea, rudisha faranga yako mufukoni, hata muuzaji akikuita «Papa» mara kumi. Pengine gari ni ya wizi, na wewe njo utalipa.

Pima

Chukua mita, pima toka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya lile la nyuma. Pick-up ya HZJ75 ina sentimita 298. HZJ79, iliyokuja mwaka 1999, ina 318, na mbele ina resori za kuzunguka, wakati 75 ina resori za lame mbele na nyuma. Land Rover fupi ina karibu 224, ndefu ina 277. Ukipata hesabu isiyofanana na namba, shasi imekatwa ao imeunganishwa na ingine.

Kisha pitisha sumaku. Kwenye manjanja ya Toyota inashika. Pale inapoachia, kuna mastiki nene chini ya rangi. Kwa Land Rover ni kinyume: karoseri yake kubwa ni aluminiamu tangu 1948, sumaku haishiki. Ikishika, fundi mmoja alibadilisha. Ao ni ile Minerva ambayo Wabelgiji waliunga kuanzia mwaka 1952: karoseri yake ni ya chuma, na mabawa ya mbele yameinama.

Kujenga upya

Makosa tunayoyaona sana ni kuanza na kabine kwa sababu njo inaonekana. Anza chini. Pima shasi kutoka kona mpaka kona kwa msalaba: hesabu mbili zikikosa kulingana, imepinda. Ufa usifunikwe tu na suduri. Toboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, chomelea ufa, kisha weka kipande cha chuma kilichokatwa kwa mshazari. Kikikatwa wima, shasi itapasuka tena pembeni yake. Toa batri kabla ya kuchomelea.

Mbele ya kukata sakafu iliyooza, funga kabine kwa vyuma vya msalaba, na uache milango mahali pake. Bila hivyo kabine inalegea na milango haitafunga tena. Aluminiamu haichomelewi kwa fimbo ya chuma ya kawaida: tumia riveti, na weka rangi ao mpira kati yake na chuma, kwani zikigusana kwenye mvua zinaoza.

Tena, mbao nzito juu ya shasi ya zamani ni mzigo hata kabla ya abiria wa kwanza. Mifuko makumi mbili ya kilo 50 ni tani moja. Ongeza watu kumi, kisha fikiri freni kwenye muteremko wa kushuka Sake.

Rangi ni ya mwisho. Na kabla ya kulipa, leteni fundi wenu, si wa muuzaji. Mupe saa moja, mita, sumaku na burosi ya chuma.