Mama wa Kanisa, Mama wa Matuta

Jumamosi asubuhi, barabara zinazotoka mjini Machakos kuelekea Masii, Kathiani na Kangundo hujaa misafara ya magari yaliyofungwa vitambaa vyekundu. Wiki nzima Musyi FM imekuwa ikisoma matangazo ya vifo kwa Kikamba, na maduka ya uchapishaji mjini yameshinda yakitoa programu za mazishi zenye picha ya rangi kwenye jalada: mama mzee, kilemba kichwani, hatabasamu sana.

Ndani ya programu mna wasifu. Ukishahudhuria mazishi kadhaa ya akina mama wa Kikristo waliopita miaka themanini, unaweza kuusoma wa mwingine ukiwa umefumba macho. Alizaliwa mwaka fulani, akaolewa, akajaliwa watoto, akaokoka, akawa mweka hazina wa kikundi cha akina mama kanisani, akaugua shinikizo la damu, Bwana akamwita. Aghalabu huandikwa usiku wa kuamkia siku ya kupeleka kazi kwa mchapishaji, na mtoto anayeishi Nairobi ambaye hukumbuka zaidi miaka ya karo na miaka ya hospitali.

Hakuna uongo humo. Lililopo ni kwamba "aliokoka" limeachwa kama neno moja, nalo lilikuwa na gharama yake.

Injili ilipiga hodi Ukambani mapema. Johann Ludwig Krapf alipita huku mwaka 1849. Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alifungua kituo Nzaui mwishoni mwa 1895, akafariki dunia mwaka uliofuata. Chuo kikuu kilichoko hapa Machakos kinabeba jina lake hadi leo. Msichana aliyezaliwa miaka ya 1930 alikuta kanisa limeota mizizi, lakini kuingia humo kulimtaka aage mambo mengi, ngoma ikiwa ya kwanza. Wamisionari wa Africa Inland Mission hawakutaka mshirika wao acheze ngoma wala aonje pombe. Kwa Mkamba wa wakati ule, ngomani ndiko marika yalikokutana, wachumba walikoonana, na kwenye ngoma ya kilumi ndiko akina mama walikotuliza pepo na kuombea mvua. Msichana aliyeacha hayo aliacha na wenzake. Alibaki nyumbani jioni akisikia ngoma zikilia ng'ambo ya bonde. Sijawahi kuona wasifu unaotaja jioni hizo.

Tena kanisa lenyewe halikuwa moja. Mwaka 1945 Wakamba walianzisha African Brotherhood Church (ABC) chini ya Simeon Mulandi, makao yake yakawa Mitaboni, wakitaka kujiongoza wenyewe. Wakatoliki nao walikuwa na vituo vyao, na dayosisi ya Machakos ikaundwa mwaka 1969. Zipo familia ambamo mama ni wa AIC, kanisa lililotokana na misheni ya Scott, dada yake ni wa ABC na shemeji ni Mkatoliki, na wote hukutana kwenye hema moja siku ya mazishi wakisubiri kuona ni mchungaji wa nani atakayeshika maikrofoni.

Sasa twende shambani, maana huko ndiko wasifu unakokosea zaidi.

Mwaka 1937 ofisa wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika ripoti kuhusu Machakos iliyosomeka kama hati ya kifo cha ardhi: vilima vimebaki uchi, udongo umekwenda na maji, watu na mifugo wamezidi. Miaka ile wilaya ilikuwa na watu wapatao 240,000. Kufikia 1989 walikuwa karibu milioni 1.4, na kwa hesabu ya Maher pasingebaki kitu. Lakini watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipochapisha kitabu chao mwaka 1994, walionyesha kinyume chake: watu wameongezeka, mmomonyoko umepungua. Vilima vilikuwa vimekatwa matuta kutoka juu hadi chini.

Nani aliyeyakata? Wanaume wengi walikuwa Nairobi na Mombasa wakitafuta mshahara, au jeshini na polisi, ambako Wakamba waliandikwa kwa wingi. Jembe na sepetu vilibaki kwa mama. Kwanza ilikuwa kazi ya lazima, chifu akisimamia. Baadaye wanawake wakaichukua kwa hiari katika mwethya, vikundi vya kusaidiana: leo kwako, kesho kwangu. Walichimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu wa mteremko, njia ambayo wataalamu wa udongo duniani huiita kwa Kiswahili chetu, "fanya juu". Jaribu kurusha udongo mlimani kwa sepetu tangu asubuhi mpaka saa sita, mtoto mgongoni, kisha uende mtoni kuteka maji, kisha utwange mahindi ya muthokoi. Na siku ya kikundi cha maombi ikifika, uende pia.

Ni wanawake wale wale. Walioomba pamoja ndio waliochimba pamoja, na mara nyingi sala ilitangulia jembe. Kuandika kwamba marehemu "alimtumikia Mungu kwa miaka mingi" halafu kwenye aya nyingine kwamba "alikuwa mkulima" ni kumkata vipande viwili mtu ambaye hakuwahi kujigawa.

Kahawa pia. Bei ilipopanda mwaka 1976 na 1977, baada ya baridi kali kuua mikahawa ya Brazil, watoto wengi wa Kangundo na Matungulu walisomeshwa na mbuni. Mama ndiye aliyechuma. Jina lililokuwa kwenye daftari la chama cha ushirika mara nyingi lilikuwa la baba.

Na wale watoto "aliojaliwa"? Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto 8. Wasifu huwataja waliosoma, ukiwapitia juu juu wale waliozikwa wachanga. Yeye aliwakumbuka wote.

Kama ningeulizwa na kamati ya mazishi, ningewanyang'anya wanasiasa maikrofoni na kuwapa akina mama wa kikundi waliokaa nyuma ya hema. Kwa kawaida hupewa dakika za kuimba wimbo mmoja. Wao ndio wanaojua alimsamehe nani, tuta la kwanza lilianzia wapi, na mwaka wa njaa alificha mbegu ya mahindi kwenye chungu kipi. Wengi wao hawana shida kusimulia, mradi waulizwe kabla chakula hakijapakuliwa.

John Mbiti, mwanateolojia aliyezaliwa Mulago, Kitui, mwaka 1931, aliandika katika kitabu chake cha 1969 kwamba aliyefariki huendelea kuwa hai maadamu wapo waliomjua na wanaomtaja kwa jina. Wakamba wana utaratibu wao wa kuhakikisha hilo: binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba. Ndiyo maana mazishi ya susu mwenye wana wanne huwa na wajukuu wanne wenye jina moja, na mchungaji akilitaja wote hugeuka. Baba zao hawawaiti kwa jina hilo, huona haya. Mzee mzima mwenye mvi humwita msichana wa miaka mitatu "mwaitu", yaani mama yangu, humuomba radhi akimkanyaga, na mtoto akikataa kula ugali hubembelezwa kwa heshima zote.