Kuongeza Umeme wa Gari la Zamani Bila Kukata Nyaya Zake

Pikapu ya Toyota Land Cruiser ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambayo Idara ya Afya huitumia kama gari la akiba, imefungwa alternata mpya ya ampea 80 katika karakana ya Halmashauri. Habari hiyo peke yake isingestahili nafasi katika jarida hili, kwa kuwa alternata hubadilishwa kila siku. Linalostahili kuelezwa ni namna kazi ilivyofanyika: hakuna waya hata mmoja wa kiwandani uliokatwa. Mafundi walitengeneza fungu dogo la nyaya lenye plagi mwanzoni na mwishoni, likachomekwa kati ya nyaya za gari na alternata mpya. Fungu hilo linaweza kuchomolewa barabarani, na alternata ya zamani ikarudi kazini, endapo ile mpya itaharibika mbali na gereji. Wananchi wenye magari ya umri huo, na vijana wanaojifunza umeme wa magari, wanaweza kuifuata njia hiyohiyo.

Gari hili hutumika pale gari la wagonjwa linapokuwa safarini au matengenezoni, na mara nyingi huitwa usiku. Pikapu ya aina yake ilitoka kiwandani na alternata ya kati ya ampea 40 na 55, kiasi kilichotosha taa, honi na wasi wa injini. Leo mambo ni mengine. Taa mbili za mbele za wati 55 kila moja, pamoja na taa za nyuma na za pembeni, hula takriban ampea 11. Koili ya kuwashia injini ya petroli huchukua ampea 4 hivi, na waipa zikifanya kazi kwenye mvua huchukua kiasi kama hicho. Taa ya dharura inayozunguka juu ya paa huongeza ampea nyingine 4. Jokofu dogo la kusafirishia chanjo, ambazo nyingi yake sharti zikae kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Selisiasi, linahitaji ampea zipatazo 5, na redio ya mawasiliano inaweza kufikia ampea 10 pale dereva anapozungumza. Jumla inakaribia ampea 38 kabla ya betri yenyewe kupewa chochote.

Ikumbukwe pia kwamba alternata hutoa kiwango chake kamili pale tu injini inapozunguka kwa kasi. Gari linapotambaa kwenye matope, au linaposubiri mgonjwa likiwa linanguruma taratibu, alternata ya zamani hutoa nusu ya kiwango hicho au pungufu. Upungufu hulipwa na betri, na betri isiyorudishiwa inachotoa hufika mahali ikakataa kuwasha injini. Mahali hapo, kwa kawaida, ni kwenye zahanati ya mbali na saa nane za usiku.

Tofauti kubwa kati ya mfumo wa zamani na mpya ipo kwenye kidhibiti volteji, ambacho katika gereji nyingi huitwa katauti. Katika Land Cruiser hii kidhibiti ni kisanduku cha peke yake kilichofungwa kwenye bodi ndani ya boneti. Kutoka kwenye plagi yake hutoka nyaya sita, ambazo katika michoro ya Toyota huandikwa IG, N, F, E, L na B. Nyaya tatu kati ya hizo, yaani F, N na E, huenda hadi kwenye alternata. Alternata mpya, iliyotengenezwa na Denso kwa ajili ya Land Cruiser za miaka ya baadaye, ina kidhibiti ndani ya tumbo lake. Haina haja ya kisanduku cha nje. Inahitaji nyaya tatu nyembamba tu: IG ya kuiamsha ufunguo unapofunguliwa, L ya taa ya chaji iliyoko kwenye dashibodi, na S ya kupima volteji iliyopo kwenye betri. Juu ya hizo kuna bolti moja nene ya B, inayotoa umeme wote wa chaji.

Fundi mwenye haraka hukata nyaya za zamani, akazisokota na mpya kwa vidole, kisha akazungushia tepu. Gari huwaka na mteja huondoka ameridhika. Baada ya miezi michache tepu hulegea kwa joto la injini, shaba huota kutu ya kijani, na taa ya chaji huanza kuwaka na kuzimika yenyewe. Fundi wa pili anapolifungua gari hilo hakuti tena rangi zinazolingana na mchoro wowote, naye hukata zaidi. Magari mengi ya zamani yaliyotelekezwa yakiwa na injini nzima yamefika hapo kwa njia hiyo.

Fungu la kuchomeka huepusha yote hayo, na vifaa vyake muhimu havinunuliwi. Kidhibiti kilichokufa kisitupwe: plagi yake ndiyo inayoingia sawasawa kwenye soketi ya gari. Vivyo hivyo plagi ya alternata iliyoungua. Fundi huvikata vifaa hivyo vibovu, na nyaya za gari huziacha kama zilivyo.

Kwenye plagi iliyotoka kwenye kidhibiti, waya wa IG huunganishwa na waya wa F, na waya wa L huunganishwa na waya wa N. Hapo plagi hiyo inakuwa daraja. Umeme wa ufunguo sasa unasafiri hadi kwenye alternata kupitia waya uliokuwa wa F, na taa ya chaji inaipata alternata kupitia waya uliokuwa wa N. Nyaya za E na B kwenye plagi hiyo huachwa bila kazi, kila mmoja ukiwa umefunikwa ncha yake. Upande wa alternata, plagi iliyookolewa kwenye alternata mbovu huchomekwa kwenye soketi ya zamani, na nyaya zake mbili, F na N, huishia kwenye plagi mpya ya matundu matatu, katika nafasi za IG na L. Waya wa S hautumii njia ya E, kwa sababu E imeungwa na bodi ya gari na kuipitishia umeme wa betri ni kuzua shoti. S hupewa waya wake wenyewe kutoka chanya ya betri, ukiwa na fyuzi ndogo karibu na betri.

Waya wa L sharti upitie kwenye balbu ya dashibodi. Ukiunganishwa moja kwa moja na umeme bila balbu katikati, kidhibiti kilichomo ndani ya alternata huweza kuungua mara moja. Aidha, katika baadhi ya magari waya wa N au wa L hutumiwa pia na rilei nyingine, hivyo mchoro wa gari lenyewe utazamwe kwanza, na kila waya upimwe kwa mita badala ya kuaminiwa kwa rangi yake. Gari lenye umri wa miaka 40 limepita kwenye mikono mingi.

Viungo vya fungu hili havisokotwi. Kila kichwa cha waya hubanwa kwa koleo maalumu la kazi hiyo, wala si kwa nyundo au koleo la kawaida, kisha hufunikwa kwa mrija wa plastiki unaosinyaa unapopashwa moto. Baada ya kubana, fundi huvuta kila waya kwa nguvu ya mkono. Unaochomoka hapo ungechomoka njiani. Fungu lote huvalishwa bomba laini la plastiki, likafungwa mbali na bomba la moshi na mbali na feni.

Hata hivyo, sehemu inayoweza kuteketeza gari ni ule waya mnene wa B. Watu wengi hubadilisha alternata na kuuacha waya wa chaji uleule, kwa hoja kwamba umekuwa ukifanya kazi siku zote. Hesabu inaonyesha vinginevyo. Waya wa shaba wa milimita 5 za mraba wenye urefu wa mita 2, ukipitishwa ampea 80, hupoteza zaidi ya nusu volti njiani na kuzalisha joto la wati 44 hivi. Ni karibu na kuwasha balbu ya taa ya mbele ndani ya fungu la nyaya lililofungwa tepu. Waya wa milimita 25 za mraba, kwa urefu na mzigo huohuo, hupoteza takriban moja ya kumi ya volti na joto lake halifiki wati 9. Waya huo mnene ndio uliowekwa kwenye pikapu hii, ukitoka kwenye bolti ya B moja kwa moja hadi chanya ya betri, na katikati yake, karibu kabisa na betri, kuna fyuzi ya ampea 100. Fyuzi huwekwa upande wa betri kwa kuwa ni betri inayoweza kumwaga mamia ya ampea endapo waya utachunika na kugusa chuma.

Waya wa chaji wa zamani haukukatwa. Uliondolewa kwenye bolti, ncha yake ikafunikwa vizuri na kufungwa pembeni. Tahadhari ni kwamba ncha hiyo ina umeme wa betri wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni, kwa hiyo kuifunika si suala la unadhifu. Badiliko hili lina athari moja ambayo dereva asipoelezwa atadhani kuna hitilafu: magari yenye mita ya ampea kwenye dashibodi yataonyesha kwamba betri inatumika tu, kwa sababu umeme wa chaji haupiti tena kwenye mita hiyo. Pikapu imewekewa mita ya volti badala yake, nayo humweleza dereva ukweli kwa usahihi zaidi.

Upande wa hasi husahaulika mara nyingi. Umeme unaotoka kwa chanya hurudi kupitia injini na bodi, na injini imekaa juu ya mipira. Mkanda wa shaba kati ya injini na hasi ya betri, na mwingine kati ya betri na chesisi, ulibadilishwa, na sehemu za kugusana zikapigwa msasa hadi chuma kikaonekana.

Kufunga alternata yenyewe hakukuwa na mengi: breketi ilirekebishwa kidogo, na puli ikachaguliwa inayolingana na mkanda wa feni uliopo. Kabla ya spana ya kwanza kugusa bolti ya B, kebo ya hasi ilifunguliwa kwenye betri. Fundi asiyefanya hivyo atajifunza kwa cheche.

Upimaji hufanyika kwa mita ya kawaida. Betri iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6. Injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikizidi 15, injini izimwe, kwani chaji ya namna hiyo huchemsha maji ya betri na kuunguza balbu. Kisha taa zote na vifaa vyote huwashwa, na mita huwekwa kati ya bolti ya B na chanya ya betri: tofauti isizidi volti 0.3. Ikizidi, kuna kiungo kibovu, na kukipata ni rahisi kwa sababu kitakuwa na joto.

Wenye magari ya dizeli wasikimbilie kuiga kila kitu. Injini za dizeli za Land Cruiser kama 2H na 3B hubeba pampu ya vakyumu nyuma ya alternata, na pampu hiyo ndiyo inayosaidia breki. Anayefunga alternata isiyo na pampu hupata umeme mwingi na breki ngumu kama jiwe. Vilevile, baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilitoka kiwandani na mfumo wa volti 24, na kuzifunga alternata ya volti 12 ni hasara tupu. Pikapu iliyoelezwa hapa ina injini ya petroli ya 2F na volti 12. Kwa upande wa magari ya Serikali, matengenezo hufanywa na Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, au karakana zilizoidhinishwa nao, hivyo mkuu wa idara asiagize badiliko kama hili kwa gereji yoyote ya mtaani.

Alternata ya zamani na kidhibiti kizima cha akiba vimewekwa kwenye sanduku nyuma ya kiti, pamoja na mchoro wa fungu uliolindwa kwa plastiki. Itakapolazimu kuvirudisha njiani, dereva ataanza kwa kufungua kebo ya hasi ya betri. Kisha atachomoa plagi ya daraja na kuweka kidhibiti mahali pake, atafunga alternata ya zamani na kuichomekea soketi yake ya kiwandani, na kuurudisha waya wa chaji wa zamani kwenye bolti. Fyuzi ya ampea 100 ataitoa, na ncha ya waya mnene ataifunika na kuifunga pembeni. Ndipo atakaporudisha kebo ya hasi na kuwasha gari, akiwa amezima jokofu na taa ya juu ya paa hadi atakapofika kituoni.